Gari Limeharibika?

Wa kwanza alikuwa na pikapu nyeupe, mbuzi watatu nyuma.
Kioo kikashuka.
"Gari limeharibika?"
Nikamwambia gari tumeliacha Ibra, zima,
lina mafuta, lina kiyoyozi.
Tunatembea tu.
Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi,
buibui nimelipandisha, nimelibana kwa pini za nepi za mjukuu,
akasema, "Mungu akusahilishieni,"
kwa sauti ya mtu aliyekwenda kumtazama mgonjwa.

Wa pili alitupa maji.
Wa tatu hakuuliza. Alishuka,
akainyanyua baiskeli ya kaka yangu Nasibu kwa mkono mmoja
kama mtoto aliyeokotwa barabarani,
ikabidi tuivute, yeye huku, sisi huku,
tukiapiana,
mpaka akakubali kwamba mama mtu mzima
anaweza kufika Mudheribi kwa magoti yake.

Magoti yenyewe yana miaka hamsini na minane.
Chake Chake nilipanda baiskeli kila siku ya skuli,
lakini nyuma, kwenye keria, upandeupande,
miguu pamoja, mkoba mapajani,
baba akikanyaga.
Mbele yangu ilikuwa mgongo wake.
Ukuta wa hospitali, duka la mafuta ya taa,
shoga yangu akinipungia mkono mlangoni kwao,
vyote vilinifikia vikiwa vimeshapita nusu.
Dunia nimeijua kwa ubavu.

Kukanyaga nimejifunza juzi, Sibu,
kwenye uwanja wa magari wa supamaketi,
Ijumaa alfajiri, kabla wenye macho hawajaamka.
Mara mbili nimeangukia vile vigari vya kubebea bidhaa.
Nasibu alicheka, mkono haujatoka kwenye tandiko.
Siku alipouondoa hakuniambia.

Sasa mbele ni mbele.
Mnara wa mawe juu ya kilima unakaa palepale nusu saa nzima,
kisha unainama kunywa maji, ukiinuka
umeshahamia nyuma yako.
Inakuja harufu ya majani ya ngamia, yamekatwa asubuhi hii.
Na ukishapita kituo cha petroli kuna mlima.
Miaka thelathini napita hapa kwa gari
sikuujua. Machoni haumo.
Umo mapajani.

Mwiba wa mkunazi ulitukuta tukiteremka.
Pancha. Nasibu akatoa pampu, viraka, miwani,
akaisoma karatasi ya maelezo kama hati ya kiwanja.
Ndipo akatokea Motiur, wa shamba la tende,
baiskeli nyeusi, mzigo wa majani nyuma
umempita kimo.
Hakuuliza habari za gari.
Aliutoa mpira wa ndani, akauzamisha kwenye falaji,
akaugeuza polepole, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza,
mpaka maji yakasema, hapa.
Vipovu vidogo, kimoja nyuma ya kimoja.
Pesa alikataa. Chungwa alipokea.

Tukaongozana naye hadi njia panda,
mnyororo wake unalia kila ukizunguka.
"Miaka kumi na moja," akasema, "njia hiihii.
Asubuhi, jioni."
Akapiga kengele mara moja, akakata kona, mitende ikammeza.

Wa tisa alisimama vumbi halijatua.
"Mama, gari limeharibika?"
Nikamwonyesha kwa kidevu kule alikopotelea Motiur.
"Kamuulize yule. Lake linaharibika kila siku."
Hakunisikia. Keshafungua mlango wa nyuma,
anang'oa viti vya watoto
baiskeli zipate pa kulala.